LUKU Haina Intaneti, Mita ya Gesi Inayo

Wanachuo wenzangu, tuanze na kifaa ambacho kila anayeishi geto anakijua, maana kimeshamgombanisha na mpangaji mwenzake: mita ya LUKU. Watu wengi wanaamini kwamba ukilipa kwa simu, TANESCO wanakutumia umeme kwenye mita. Hawatumi kitu. Mita ya kawaida ya LUKU haiongei na mtu yeyote. Kinachosafiri ni zile tarakimu 20, na msafirishaji ni wewe mwenyewe, kutoka kwenye meseji mpaka kwenye vitufe. Ndani ya tarakimu hizo kuna idadi ya yuniti na muda tokeni ilipotengenezwa, vyote vimefichwa kwa ufunguo unaolingana na mita yako. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu.

Ushahidi tuliupata mwaka 2024. Tokeni za mfumo huu, ambao unatumika nchi nyingi, huhesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ikabidi mita ziboreshwe. Mnayakumbuka yale makundi matatu ya tarakimu 20? Tuliyaingiza kwa mkono, nyumba kwa nyumba, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuifikia mita.

Sasa linganisha na mita ya gesi ya kulipia kidogo kidogo, mfumo ambao kampuni ya KopaGas iliuanzisha hapa hapa Dar es Salaam. Mama anaweka buku mbili kwa simu, anarudi jikoni, gesi inawaka. Hajabonyeza tarakimu hata moja. Imekuwaje?

Kwenye mtungi kuna kifaa chenye laini ya simu ndani, laini kama hii yako ila haina vocha wala haipigi stori. Malipo yakiingia, kompyuta ya kampuni (hiyo ndiyo seva) inatuma ujumbe kwa laini hiyo kupitia minara ile ile unayoitumia kwa bando lako. Chipu iliyo ndani ya mita inausoma na kufungua koki. Gesi ikianza kupita, sensa inapima kiasi kinachotoka, chipu inatoa hesabu kwenye salio, na salio likiisha koki inajifunga. Wakati huo huo mita inarudisha taarifa: mtungi huu unakaribia kuisha. Kampuni inaleta mwingine kabla mama hajalala na njaa.

Basi, hapo umeshaelewa karibu kila kifaa cha aina hii duniani. Kuna kinachohisi, kuna kinachofikiri, kuna njia ya kupitisha ujumbe, na mara nyingi kuna mkono wa kufungua au kufunga. Saa janja ya mkononi? Taa yake ya kijani inamulika ngozi, damu inafyonza mwanga zaidi kila moyo unapodunda, sensa inahesabu mabadiliko hayo. Saa nyingi za bei ya kawaida hazina intaneti yake zenyewe. Zinaazima ya simu. Kamera ya ukutani inatumia waifai. Njia zinatofautiana, mzunguko ni ule ule.

Jina "intaneti ya vitu" lilitoka kwa Kevin Ashton mwaka 1999, lakini mambo yenyewe yalianza mapema, tena chuoni. Mwaka 1982, watu wa idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichoka kwenda kwenye mashine ya Coca-Cola na kukuta tupu, au soda bado ya moto. Wakaiunganisha na mtandao ili waulize wakiwa wamekaa. Yaani uvivu wa wanachuo nao una mchango wake kwenye sayansi.

Lakini kifaa kinachosikia kinaweza pia kumsikia mtu asiye sahihi. Oktoba 2016, Twitter na Netflix zilipotea hewani kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi, hasa Marekani. Waliozizima walitumia jeshi la kamera na ruta za majumbani, zilizotekwa na programu iliyoitwa Mirai. Utekaji wenyewe haukuhitaji akili nyingi: Mirai ilikuwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, za aina ya "admin" kwa "admin", ikawa inajaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2017 vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani kuitengeneza. Walikuwa na miaka 20 na 21. Rika letu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko wezi. Kifaa kinachotii seva kinamtii mwenye seva. Mwaka 2016 wateja wa Revolv, kisanduku cha kuongozea taa na milango ya nyumba, waliambiwa kwamba seva zinazimwa. Kisanduku hakikuharibika, lakini tangu Mei mwaka huo kikawa hakina kazi. Huku kwetu, sola nyingi za kulipia kwa awamu hujifunga malipo yakichelewa. Tuwe wakweli, bila kufuli hilo hakuna ambaye angemkopesha sola mtu asiye na dhamana. Lakini ni haki mnunuzi ajue kabla ya kusaini kwamba taa iko ukutani kwake na swichi iko ofisini kwa mtu.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua kamera ya geto, muulize muuzaji mambo matatu: nywila inabadilishwaje, picha zinahifadhiwa kwenye kadi au kwenye seva ya watu, na bila intaneti itaendelea kurekodi? Na kama kamera ni ya mwenye nyumba, imeelekezwa kwenye mlango wako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa nguvu ya kuuliza kinachokusanywa juu yako na kinatumikaje. Ilianza kutumika Mei 2023.