Unahamia kwa mwenzako ng'ambo? Panga laini yako kwanza

Umefunga ndoa na mtu wa Oman au Ujerumani, na sasa unaondoka Garsen? Kabla ya kupanda basi la Mombasa:

1. Lipia pasipoti kupitia eCitizen, paybill 222222. Broka akitaka utume kwa nambari yake, kataa.

2. Washa rominga ungali Kenya, ili ujumbe wa benki ukufikie huko.

3. Usimwachie ndugu laini na PIN. Mama atumiwe pesa kwa nambari yake mwenyewe.

4. Itumie laini yako mara kwa mara. Ikilala sana, nambari inaweza kupewa mtu mwingine.

5. Weka nauli ya kurudi kwa akaunti yako. Ndoa ni ya wawili, PIN ni ya mmoja.