Lishe ya tembe: utumbo hujengwa kabla ya yai

Mahindi ya muthokoi yakishatwangwa, makapi yake hayatupwi katika maboma ya Machakos. Huenda kwa kuku. Desturi hii ni nzuri, haina gharama, na kuku wa kienyeji anayezurura shambani akidonoa mchwa, panzi na majani mabichi hana lalamiko nayo. Taabu huanza pale mfugaji anaponunua vifaranga mia moja wa kuku wa mayai, akawafungia bandani, kisha akawalisha makapi na mahindi yaliyosagwa ili kuepuka gharama ya chakula cha gunia. Vifaranga hao si lazima wafe. Watakula, wataota manyoya na kupiga kelele kama kawaida. Hasara huonekana miezi mitano baadaye, wakati kuku wa jirani wameanza kutaga nao wangali wembamba, ama wanataga vijiyai ambavyo mnunuzi huvitazama mara moja tu na kuvirudisha kwenye trei.

Juma hili tuangalie kinachotendeka ndani ya tumbo la tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, hasa katika wiki zake sita za kwanza.

Wengi wetu tumefunzwa kuwa kuku anahitaji protini. Ni kweli, lakini protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo viko vya aina ishirini hivi. Takriban kumi kati yake mwili wa kuku hauwezi kujitengenezea, sharti vitoke katika chakula. Mfikirie mtu anayetunga shanga kwa mpango maalumu: nyekundu, nyeupe, buluu. Shanga za buluu zikiisha kazi husimama, hata kama kikapu kimejaa nyekundu. Kuku naye hali kadhalika. Zile aina zinazokosa wenzi hazihifadhiwi. Mwili huzichoma na mabaki yake hutoka katika ile sehemu nyeupe ya kinyesi, ambayo baadaye hutoa hewa ya amonia. Kwa hiyo ukiingia bandani macho yakakuwasha, pamoja na kwamba matandazo yamelowa, huenda pia umelipia protini isiyotumika.

Kwa kuku wanaolishwa nafaka, shanga za buluu ni mbili: methionini na lisini. Mahindi ni maskini wa lisini, iwe ni yale ya Katumani au ya kutoka Kitale. Mbaazi, kunde na maharagwe zina lisini ya kutosha ila zimepungukiwa na methionini. Wazee wa Ukambani hawakusoma kemia, lakini waliochanganya mahindi na kunde katika chungu cha isyo walikuwa wakiziba pengo la mahindi kwa kunde. Kilicho lishe bora kwa mtoto ni somo zuri kwa kuku pia.

Sasa tuje kwenye utumbo. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba hiyo huisha baada ya siku nne au tano. Katika siku hizo hizo utumbo wake hukua kwa kasi kuliko mwili wenyewe. Ndani ya utumbo kuna vijinyama vidogo mno vilivyosimama wima kama nyuzi za taulo. Wanasayansi huviita vili. Kazi yake ni kufyonza chakula kilichosagwa. Vikiwa virefu na vingi, chakula kingi huingia mwilini. Vikiwa vifupi, chakula hupita na kutokea upande wa pili, na fedha zako pamoja nacho. Kifaranga anayekaa muda mrefu bila kula baada ya kuanguliwa, vili vyake huchelewa kukua. Ndiyo maana vifaranga waliosafiri kwa matatu ndani ya maboksi wapewe maji na chakula mara tu wanapofika, siyo kesho yake.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni kwamba utumbo wenyewe ni mlaji, tena hula kabla ya misuli na manyoya. Chembe zake hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Hufunikwa na ute unaozuia vijidudu na kuulinda usichubuke, na ute huo umejaa asidi amino iitwayo threonini. Chembe za utumbo pia hutumia glutamini kama kuni. Methionini nayo husaidia kutengeneza kinga dhidi ya uharibifu wa chembe, na ndiyo chanzo cha sistini inayojenga manyoya. Chakula kikiwa duni, utumbo hujichukulia sehemu yake kwanza, na yanayobaki hayatoshi kujenga mifupa na misuli ya yule atakayebeba mayai kwa mwaka mzima.

Kiasi gani basi? Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1994 ambao bado hutajwa sana, lilipendekeza kwamba chakula cha kifaranga wa kuku wa mayai meupe, kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya sita, kiwe na protini asilimia 18. Katika kila kilo kuwe na lisini gramu 8.5, threonini gramu 6.8 na methionini gramu 3. Makampuni yanayozalisha kuku wa kisasa aghalabu hutaka zaidi ya hapo.

Chukua kalamu tupige hesabu ya kilo 100. Tunahitaji lisini gramu 850 na methionini gramu 300. Kilo 60 za mahindi zitaleta lisini gramu 156 hivi na methionini 108. Ukiongeza kilo 25 za mashudu ya soya, utapata lisini kama gramu 670 nyingine na methionini 155. Lisini imekaribia kutosha, na pumba zitakazojaza nafasi iliyobaki zitaongeza kidogo. Methionini bado ina upungufu wa gramu 37. Haya, sasa ondoa soya uweke kilo 25 za mashudu ya alizeti kwa sababu ni rahisi kupata. Lisini yote ya mahindi na alizeti itakuwa gramu 400 hivi, ambayo haifiki hata nusu. Kwa macho chakula ni kilekile, na muuzaji ataapa kuwa kina protini. Dagaa au omena safi husaidia sana maana ina lisini na methionini kwa wingi, lakini kagua usije ukanunua mchanga.

Upungufu wa methionini huzibwa na ile ya unga inayouzwa katika maduka ya pembejeo. Watu huogopa kwamba ni dawa ya kuwavimbisha kuku. Sivyo. Lisini ya dukani hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria, na methionini hutengenezwa viwandani kwa njia ya kemikali. Zikishaingia mwilini ni chakula kama zile za omena. Hata hivyo kipimo ni kipimo. Methionini ikizidi sana humdumaza kuku, na lisini ikizidi huvuruga matumizi ya asidi nyingine iitwayo arginini. Gramu 40 katika kilo 100 ni kitu kidogo mno, basi usizimwage juu ya rundo na kukoroga kwa sepetu. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba, kisha kilo tano, halafu ndipo uingize katika chakula chote.

Je, glutamini na threonini? Majaribio mengi yameonyesha kwamba glutamini huweza kurefusha vili vya vifaranga. Kwa maoni yangu, mfugaji wa kuku mia moja asisumbuke nayo. Threonini ina faida pale protini ya jumla inapopunguzwa. Vinginevyo, shika mbili za kwanza.

Unga huo pia hauwezi kuokoa chakula kibaya. Mbaazi na soya mbichi zina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kusaga protini, hata kongosho la kuku huvimba kwa kufanya kazi bure. Zichemshe au zikaange kabla ya kusaga. Kuhara damu kunakoletwa na koksidia huharibu vili vyenyewe, na hapo dawa ya kukutibia ni kwa daktari wa mifugo, si duka la amino.

Kuhusu mahindi yenye ukungu sitazunguka. Mwaka 2004 wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika zilikumbwa na sumu ya aflatoksini iliyotokana na mahindi yaliyooza. Wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 kati yao walifariki. Hata leo kuna anayesema, "Haya hatuli, tuwape kuku." Sumu hiyo huharibu ini la kuku na kuzuia asikue, na masalio yake yanaweza kuingia katika maini na mayai yanayorudi mezani. Kupika hakuiondoi.

Mayai ya kuku aliyelishwa vibaya hayana protini ya namna duni. Kuku hutaga machache au madogo, na yai moja lina gramu sita hivi za protini. Nyumba ambayo mtoto hapati nyama ila kwa sikukuu, yai linalokosekana ni jambo la afya, si la biashara peke yake.

Kila Jumamosi pima tembe kumi kwa mizani, uandike, na ulinganishe na jedwali linalotolewa na waliokuuzia vifaranga. Ikiwa wiki ya sita imefika na uzito uko nyuma, usiwahamishie chakula cha kukuzia kwa sababu tu kalenda imesema hivyo. Waache katika chakula cha vifaranga juma moja au mawili zaidi, mpaka wafikie uzito wao.