SOMO: NDUGU MKUBWA NA KURA ZA ULAYA

Soma kwanza Luka 15:25-32, kisha Mathayo 20:1-16.

Ndugu wasomaji, baadhi yetu tuna watoto na jamaa waishio Ulaya, na Kanisa letu lenyewe lililetwa huku na watu wa Uingereza. Kwa hiyo tusikiapo kwamba vyama vinavyotaka kuwazuia wageni, au kuwarudisha kwao, vinazidi kupata kura huko, habari hiyo si ya mbali nasi. Wengine huuliza: je, wale waliotuletea Injili wameiacha? Hatupendi kulijibu swali hilo kwa haraka. Kusema tu kwamba watu wale wana chuki ni kama mganga atoaye dawa kabla ya kumtazama mgonjwa.

Vyama hivi, ambavyo wengi huviita vya mrengo wa kulia mkali, vina mafundisho mawili yanayofungamana. La kwanza ni kwamba nchi imegawanyika: upande mmoja wananchi wa kawaida, walio wema, na upande wa pili wakubwa wachache wanaowadanganya, na chama peke yake ndicho kijuacho kuwasemea wananchi. La pili ni kwamba nchi ni ya wenyeji, na mgeni ni hatari kwa kazi zao na desturi zao. Katika Ufaransa chama cha namna hii kilianzishwa mwaka 1972, na Jean-Marie Le Pen akawa kiongozi wake. Kwa miaka kumi na zaidi kilikuwa kitu cha kuchekwa. Mwaka 1984 kilipata karibu asilimia 11 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Mwaka 2002 Le Pen aliingia duru ya pili ya uchaguzi wa Rais, akashindwa vibaya na Jacques Chirac. Lakini binti yake, Marine Le Pen, alipata asilimia 34 hivi katika duru kama hiyo mwaka 2017, na zaidi ya 41 mwaka 2022. Katika Ujerumani chama kiitwacho AfD kilianzishwa mwaka 2013 tu. Katika uchaguzi wa Februari 2025 kilikuwa cha pili, kwa asilimia 20.8 ya kura.

Sasa twende mahali pamoja, maana hesabu za nchi nzima huficha watu. Mashariki mwa Uingereza uko mji wa Boston, katika Lincolnshire, nchi tambarare yenye udongo mweusi, ilimayo kabichi, viazi na maua. Mnara wa kanisa lake la Mtakatifu Botolph huonekana kutoka mbali sana. Urefu wake ni mita 80 na zaidi. (Kasisi wa mtaa ule, John Cotton, alikimbilia Marekani mwaka 1633 kwa sababu ya mabishano ya dini, na mji wa Boston wa huko ulichukua jina la huu. Basi mji huu nao una historia yake ya kuhama!)

Mwaka 2004 nchi nane za Ulaya ya Kati na Mashariki ziliingia Umoja wa Ulaya, na Uingereza ikawafungulia watu wake mlango wa kazi mara moja, wakati nchi nyingi za jirani zilingoja. Makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali mwaka 2003 yalisema kwamba wangeongezeka watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Katika miaka michache wakaja mamia ya maelfu. Wengi walifika Boston, Wapoland, Walithuania na Walatvia, kukata kabichi na kufunga mboga katika viwanda vya maduka makubwa. Mwaka 2001 wageni mjini walikuwa wachache sana. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba mkazi mmoja kati ya kumi alitoka katika nchi zile mpya.

Wageni wale walifanya kazi ngumu na kulipa kodi. Mwenye shamba alifurahi, na maduka yakapata mboga rahisi. Lakini kijana wa Boston aliona nini? Aliona nyumba moja imepangishwa watu wengi na kodi ya vyumba imepanda. Foleni ya zahanati imerefuka. Vibarua wakiajiriwa kwa siku kupitia mawakala, leo kuna kazi, kesho hakuna. Mwaka 2013 bodi ya zamani iliyopanga mishahara ya vibarua wa mashamba katika Uingereza ilifutwa. Bodi ile haikufutwa na Mlithuania. Ilifutwa na serikali. Hata hivyo Mlithuania ndiye aliyeonekana barabarani, na serikali haikuonekana. Mwaka 2016, katika kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, Boston ilipiga asilimia 75.6 kutoka, zaidi ya mji wowote wa nchi. Si kila aliyepiga kura ile alikuwa mfuasi wa vyama tunavyovisema. Lakini mwaka 2024 jimbo hilo lilimpeleka bungeni mtu wa chama cha Reform UK.

Mji wa pili ni Hénin-Beaumont, kaskazini mwa Ufaransa, nchi ya makaa ya mawe. Huko baba na mwana walishuka shimoni, na mwaka 1906 mlipuko katika machimbo ya Courrières, karibu na hapo, uliua watu 1,099. Kazi ile iliua, lakini iliwapa watu heshima, chama cha wafanyakazi, na jina. Mgodi wa mwisho wa wilaya ile ulifungwa mwaka 1990. Kiwanda cha madini cha Metaleurop kilifungwa mwaka 2003, na watu 830 wakakosa kazi. Kwa miaka mingi mji ulikuwa chini ya Wasoshalisti. Meya wao alikamatwa mwaka 2009 na baadaye akahukumiwa kwa kutumia vibaya fedha za mji. Mwaka 2014 wananchi walimchagua meya wa chama cha Le Pen katika duru ya kwanza, na mwaka 2020 wakamrudisha kwa asilimia 74.

Twaona hapa jambo ambalo watafiti wengi wamelisema. Wanaopigia vyama hivi kura mara nyingi si maskini kuliko wote. Maskini kabisa wengi wao hawaendi kupiga kura. Ni watu wenye kitu kidogo, fundi, dereva, mwenye duka, wanaoogopa kukipoteza, au wanaoona kwamba kazi iliyompa baba yao heshima sasa haimpi mtu heshima yoyote. Tena, si lazima wakae penye wageni wengi. London, yenye wageni kuliko miji yote ya Uingereza, ilipiga asilimia 60 hivi kubaki. Katika Ujerumani, AfD ina nguvu kupita kiasi upande wa Mashariki, ambako wageni ni wachache kuliko Magharibi, lakini ambako baada ya muungano wa 1990 viwanda vingi vilifungwa na vijana wengi wakaondoka. Kwa maoni yetu, linalowasumbua watu ni kasi ya mabadiliko kuliko hesabu ya wageni, na zaidi ya hayo, kwamba hawakuulizwa.

Na dini je? Hapa tusikilize kwa makini. Kwa muda mrefu watafiti wa Ulaya Magharibi wameona kwamba waendao kanisani kila Jumapili walivipigia vyama hivi kura kidogo kuliko Wakristo wa jina tu, ingawa katika Ufaransa tofauti hiyo imepungua. Wako viongozi wa siasa wanaoinua rozari na msalaba jukwaani, kama alivyofanya Matteo Salvini wa Italia, si ili watu wasali bali ili wajue nani ni wetu na nani si wetu. Februari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani walitangaza kwamba utaifa wa damu na ukabila haupatani na Ukristo, na kwamba Mkristo hawezi kuvichagua vyama vya namna hiyo. Lakini Waanglikana tusijisifu: baada ya kura ya 2016 ilionekana kwamba wengi wa waliojiita Waanglikana katika Uingereza walipiga kura ya kutoka, ingawa Askofu Mkuu wa Canterbury alisema kwamba yeye angebaki. Waumini na maaskofu wao hawakuwa wakisikiana.

Sasa rudini kwa Luka. Mahubiri mengi humsema vibaya yule ndugu mkubwa. Lakini tazameni malalamiko yake: amefanya kazi miaka mingi, hakuna aliyemchinjia hata mwana-mbuzi, na habari ya karamu aliipata kwa mtumishi. Hakuulizwa. Hasira yake ina sababu, ijapokuwa imemwangukia asiyestahili. Na baba hakumkemea kwa kumwita mwovu; alitoka nje, akamsihi. Wala hakumfukuza ndugu mdogo ili kumpendeza mkubwa, jambo ambalo vyama hivi huahidi. Katika Mathayo nako wanaonung'unika ni vibarua wa tangu asubuhi, na wanamnung'unikia mwenye shamba. Vibarua wa Boston walifundishwa kumnung'unikia kibarua mwenzao aliyekuja jioni.

Mfano wa Luka una mpaka wake. Baba yule aliweza kumwambia mwanawe kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Ni serikali gani iliyoweza kusema hivyo kwa watu wa Hénin-Beaumont? Ndiyo maana hatuamini kwamba maonyo ya maaskofu peke yake yatawarudisha watu wale nyumbani.

Katika vikundi vyenu zungumzeni maswali haya. Ni nani katika mtaa wetu aliye kama ndugu mkubwa, afanyaye kazi bila kuulizwa neno lolote, na wazee wa kanisa walimtembelea lini mara ya mwisho? Mgeni akija kufanya kazi kwa ujira mdogo kuliko wetu, twamlaumu yeye au amwajiriye? Luka hatuambii kama ndugu mkubwa aliingia karamuni: mwaonaje ninyi, na kwa nini?