Silaha, Bunduki na "Kupatikana Nayo": Sheria ya Silaha katika Kiswahili cha Msikilizaji wa Munje

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoibeba sheria ya silaha nchini Kenya inapomfikia mtu asiyeisoma kwa Kiingereza. Tumemteua msikilizaji wa Munje, Msambweni, katika kaunti ya Kwale, kwa kuwa huko Kiswahili si lugha ya darasani tu bali ni lugha ya baraza, soko na ufuo, kikiishi pamoja na Kidigo. Swali letu ni dogo: mtu huyo akisomewa shtaka la silaha, anasikia nini? Jibu si dogo, kwani kosa lenyewe laweza kumfunga maisha.

Ni vyema tuanze na maneno yenyewe, maana pwani ina msamiati wa bunduki kuliko wengi wetu tunavyodhani. Bunduki, risasi, baruti na silaha ni maneno yaliyotujia kwa njia ya Kiarabu. Risasi kwa asili ni madini tu, yale mazito yayeyukayo upesi motoni, kabla ya kuwa kitu kiuacho. Mzinga ni neno letu la Kibantu: lilikuwa gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, kisha watu walipoona chombo cha chuma chenye uwazi kama ule na ngurumo ndani yake, wakakipa jina hilo hilo. Kamusi za zamani zinataja pia gumegume, gobori, fataki na marisaa. Mwanafunzi wa leo anaijua bastola, na mitaani anaiita "mguu wa kuku", lakini ukimwambia bunduki ya kushindilia, yaani ile inayotiwa baruti mdomoni na kusukumwa kwa mti, atakutazama tu.

Maneno haya hayakukaa vitabuni. Gazi, ambayo haiko mbali na Msambweni, ndiko yalikokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Aliposhindwa alivuka mpaka na wafuasi wake, wakasalimisha silaha kwa Wadachi. Miaka michache kabla ya hapo, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umekwisha kuwekea vikwazo uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa hiyo udhibiti wa silaha katika pwani hii ulianza kama amri ya mgeni juu ya mwenyeji, na sheria tuliyo nayo sasa, Sura ya 114, ilitungwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa kufuata kwa karibu sana mtindo wa sheria za Uingereza.

Baadaye ikaja Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kivukoni, wakaua maafisa sita wa polisi na kuchukua bunduki zaidi ya arobaini. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha maelfu, wengi wao wakiwa watu wa bara. Msitu wa Kaya Bombo, huko Kwale, ukatajwa kila mahali kama maficho ya wavamizi. Tume ya Akiwumi ilichunguza, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Tangu hapo, wito wa "salimisheni silaha haramu" si jambo geni kwa masikio ya watu wa pwani ya kusini.

Hebu tuutazame wito huo kiisimu. "Salimisha" ni neno zuri: lina amani ndani yake. "Haramu" ndilo lenye taabu. Kwa msikilizaji Mwislamu, na Kwale wengi ni Waislamu, haramu ni hukumu ya dini kabla ya kuwa hukumu ya serikali. Chombo hakiwi haramu kwa kukosa karatasi. Nyama ya nguruwe ni haramu hata ikiwa na muhuri wa daktari wa mifugo. Sheria inachokataza ni kuwa na chombo bila kibali. "Silaha isiyo na kibali" ni maneno marefu zaidi, lakini yanasema kweli.

Nalo neno "silaha" lina upana unaopotosha. Panga ni silaha, upinde ni silaha, rungu ni silaha. Mkulima wa Munje anayefukuza nyani na ngedere shambani kwa manati na panga, akisikia barazani kwamba kila mwenye silaha aisalimishe, ana haki ya kuuliza iwapo panga lake limo. Sura ya 114 haizungumzii panga. Inazungumzia chombo cha kuua chenye mtutu, kiwezacho kufyatua risasi au kitu kingine kirushwacho, na fasili hiyo haina tofauti kubwa na ile ya Uingereza. Wafasiri wengi huandika "silaha ya moto". Binafsi siridhiki na tafsiri hiyo, kwa kuwa ni tafsiri sisisi na haina picha katika akili ya msemaji. Mwenge nao ni wa moto. "Bunduki" peke yake haitoshi, maana huitoa bastola nje. Pendekezo letu ni "silaha ya mtutu". Mtutu unajulikana na kila mtu, nao ndio sifa ambayo sheria yenyewe imeishikilia.

Sasa tufike penye uzito. Kosa la msingi katika sheria hii ni kununua, kupata au kuwa na silaha ya mtutu au risasi zake bila cheti. Kwa bunduki za kivita kama AK-47 na G3, sheria inaruhusu kifungo cha maisha. Kitenzi tunachokisikia katika habari za Kenya ni "kupatikana na", ilhali Tanzania husema "kukutwa na". Na mara kwa mara hutokea "kumiliki". Vitenzi hivi vitatu si kitu kimoja hata kidogo.

Kumiliki ni kuwa mwenye mali. Kupatikana na ni tendo la polisi, si la mshtakiwa: aliyepatikana alitafutwa, na neno halisemi kama alijua alicho nacho. Kuwa na ndilo neno la kawaida kabisa, na muundo wake unastahili kuangaliwa. Kiswahili hakina kitenzi cha asili ya Kibantu chenye maana hiyo. Tunatumia kitenzi "kuwa" na kiunganishi "na", kana kwamba mtu na kitu wamefuatana njia moja. "Nina kisu" yaweza kuwa kisu changu, cha jirani, au nilichokiokota sasa hivi. Sheria ya Kenya, katika Kanuni ya Adhabu, inapanua maana hiyo hata kwa kitu kilicho mikononi mwa mtu mwingine, lakini inasisitiza ujuzi: mtu awe anajua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvuvi wa Munje anaokota ufuoni kidude cha shaba kilicholiwa na chumvi, anakitia mfukoni ampelekee mwanawe. Njiani anapekuliwa, kumbe ni risasi. Mahakamani anasomewa kwamba "alipatikana na risasi". Anajibu, "Ni kweli, nilikuwa nayo." Amekiri nini? Amekiri kwamba kilikuwa mfukoni. Hajakiri kwamba alijua ni kitu gani. Angesomewa kwamba "alimiliki risasi", huenda angekana mara moja, kwa sababu si yake. Mtu yule yule, tukio lile lile, majibu mawili, na tofauti yote ni ya kitenzi.

Sheria yenyewe imeiona hatari hii. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shtaka na viungo vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au anayoifahamu, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa haki ya mkalimani bila malipo. Lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Yaani Kiswahili kina nafasi kamili, ila matini ya sheria ni ya Kiingereza, na karani hufasiri papo hapo, kila mmoja kwa kipawa chake. Tunapendekeza shtaka lisomwe hivi: "ulikuwa na risasi, ukijua ni risasi, bila cheti". Maneno matatu yaliyoongezwa yanabeba kiungo kizima cha kosa.

Kuhusu cheti, watu husema "leseni ya bunduki", na nadhani wana hoja. Cheti kwetu ni ushahidi wa jambo lililokwisha: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule. Leseni huisha na hunyang'anywa. Mnamo Desemba 2018 wenye vyeti vya silaha walitakiwa wajitokeze wapigwe msasa upya, na aliyedhani cheti ni cha milele alijifunza.

Mwombaji hutakiwa pia kuwa na sababu ya kutosha. Hapa Uingereza na Kenya zimeachana, ingawa maneno ya sheria zao yanafanana. Uingereza hukubali mchezo wa kulenga shabaha na uwindaji, lakini kwa kawaida haikubali kujilinda. Kenya, tangu uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977, kujilinda kumekuwa sababu kubwa. Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Uskochi, Machi 1996, sheria mbili za mwaka 1997 ziliwanyang'anya wanamichezo wa Uingereza karibu bastola zote, hata michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester, 2002, ikahitaji ruhusa maalumu. Zilizosalia halali kwao, kwa cheti, ni pamoja na zile za kushindilia baruti mdomoni. Na tuwaite kwa jina lao: walenga shabaha. Mwanafunzi anayewaita "wadunguzi" amewafanya wauaji wa kuvizia.

Zoezi kwa msomaji: fasiri kwa Kiswahili onyo ambalo afisa wa polisi wa Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, anapaswa kulitoa kwa uwazi kabla ya kufyatua. Lisizidi maneno matano, na lieleweke na mzee wa Munje asiyesikia vizuri.