Mlango Mpya wa Tumbo: Somo la Kuwatunza Waliopasuliwa Utumbo



Katika mtaa mmoja wa huku Mashewa palikuwa na mzee ambaye kila Jumapili aliketi chini ya mwembe nje ya kanisa, wala hakuikaribia Meza ya Bwana. Mimi nilidhani ana kinyongo na mtu, nikakawia miezi mitatu kumwendea. Nilipokwenda, aliinua shati akanionyesha mfuko uliobandikwa tumboni, akasema, "Mchungaji, abebaye choo chake ataingiaje nyumbani mwa Mungu?" Kosa la kukawia lilikuwa langu. Kwa hiyo naandika somo hili.

Mtu akiwa na saratani ya utumbo mpana, daktari hukata sehemu yenye ugonjwa. Pengine hawezi kuziunganisha ncha mara moja. Basi hutoa ncha moja katika ngozi ya tumbo, choo kipate njia. Kwa wengine mlango huu ni wa muda, kwa wengine ni wa maisha. Nyama yake ni nyekundu tena yenye majimaji, kama ndani ya mdomo. Ikipanguswa yaweza kutoa damu kidogo, hilo lisiwatishe.

Kwanza, kuosha. Maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini vyatosha. Msitumie spiriti, wala dawa za majani, wala sabuni ya manukato. Ngozi ikaushwe vema. Tena isipakwe mafuta, maana mfuko hautashika.

Pili, mfuko. Tundu la kibandiko lipite ukubwa wa mlango kwa milimita 2 au 3 tu, ili choo kisiichome ngozi. Mlango hupungua katika majuma 6 hata 8 ya kwanza, kwa hiyo upimwe tena na tena. Mfuko umwagwe ufikapo theluthi moja, kwa kuwa ukijaa hubanduka kwa uzito. Mifuko hii ni ghali, nayo ni adimu vijijini. Basi mgonjwa asiondoke hospitali bila kuuliza atapata wapi mingine, na afanyeje ikimwishia.

Tatu, chakula na kazi. Ale kidogo kidogo, atafune sana, anywe maji ya kutosha. Maharagwe, kabichi na vitunguu huwaletea wengine hewa nyingi; ajaribu kimoja kimoja, asijinyime vyote. Asibebe ndoo, kuni wala gunia mpaka daktari amruhusu, asije akapata ngiri kando ya mlango ule.

Nne, hatari. Mlango ukigeuka kuwa mweusi, au damu isipokoma, au choo kikizuilika huku tumbo likivimba na mgonjwa akitapika, msingoje. Mpelekeni hospitali siku ile ile, Korogwe, au Bombo kule Tanga.

Nanyi wa nyumbani, msaidieni mwanzo, lakini msimnyang'anye kazi hii. Mikono yake ikiisha kuizoea, hofu yake hupungua.

Sasa, je, sharika? Bwana Yesu mwenyewe alinena waziwazi habari ya chakula kiingiacho tumboni na kutoka chooni, akafundisha kwamba kitu hicho hakimtii mtu unajisi (Marko 7). Naye Paulo afundisha kwamba viungo tuvionavyo havina heshima ndivyo tuvipavyo heshima zaidi (1 Wakorintho 12). Basi mtengeeni mgonjwa kiti karibu na mlango, choo cha kanisa kiwe safi chenye maji, na sadaka ya wahitaji imnunulie mifuko. Tena mtu asimwulize habari zake mbele ya watu.

Yule mzee alijifunza kujihudumia mwenyewe. Siku hizi huketi ndani, benchi ya mwisho, naye amerudi Mezani. Mwembe ule hauna mtu chini yake tena.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni nani katika mtaa wetu aliyeacha kuja kanisani, nasi hatukumwuliza sababu?
2. Ni dalili zipi zatupasa kumkimbiza mgonjwa hospitali?
3. Sharika wetu waweza kufanya nini mwezi huu?

Bwana awape moyo wa huruma.