SOMO: Chang'aa Ilikatazwa, Ikahamia Mtoni



Katika kikundi kimoja cha kina mama hapa Kapsoya niliuliza: ni nani amewahi kulipa karo kwa pesa ya pombe? Kwanza kimya. Halafu mikono ikainuka mmoja mmoja, mpaka ule wa katibu. Basi somo la leo tusilianze kwa kulaumiana.

Chang'aa ilipigwa marufuku nchi nzima kwa sheria ya mwaka 1980, wakati wa Rais Moi. Kuitengeneza, kuiuza, hata kuwa nayo, yote makosa. Je, iliisha? Wewe mwenyewe unajua. Pipa lilihamia mtoni, mapishi yakawa ya usiku. Mama mmoja aliniambia alikuwa akitenga mafungu mawili kila wiki: moja la karo, lingine la kitu kidogo.

Kitu kikifichwa, hakuna wa kukipima. Ndipo wachuuzi wengine wakaanza kuongeza methanoli, kemikali ya viwandani. Hapa tukae kidogo. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Mtu analewa kama kawaida, analala, na kesho yake anaona ukungu, kwa sababu mwili umeigeuza kuwa sumu inayoharibu neva za macho. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, siyo kupewa maziwa na kuambiwa alale! Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, kinywaji cha namna hiyo, kumi-kumi, kiliua watu zaidi ya 100. Marufuku ilikuwa bado ipo.

(Marekani nao walikataza pombe mwaka 1920, wakachoka, wakairuhusu tena 1933.)

Kwetu marufuku ilifutwa na sheria ya mwaka 2010, ile wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Chang'aa ikaruhusiwa, lakini kwa leseni, katika chupa isiyopungua mililita 250, yenye onyo, na isiuziwe aliye chini ya miaka 18. Mwenye kiwanda aweza hayo. Mama mwenye pipa moja atayaweza wapi? Yeye bado anajificha vile vile. Na Mei 2014 methanoli iliua tena watu wengi, Embu na kwingineko.

Mjadiliane kikundini: Mwenzenu akiacha kupika leo, karo ya muhula ujao itatoka wapi? Sanduku la kikundi linaweza kumkopesha kiasi gani, na alipe kwa miezi mingapi?