Je, wanafunzi wenzake watamvuta chini?

Swali: Tunaishi Sydney. Binti yangu ni wa tatu katika Kemia, lakini shule yenyewe si ya kutajika. Alama zake za HSC, cheti cha kumaliza sekondari, zitashuka kwa sababu ya wenzake?

Jibu: Nusu ya alama, mama, hakuna awezaye kuigusa: ile ya mtihani wa jimbo la New South Wales ni yake peke yake. Nusu ya pili hutokana na kazi za shuleni, na hiyo hurekebishwa, maana wapo walimu wakarimu wa alama na wapo wabahili. Alama ya juu kabisa ya shuleni hulinganishwa na ya juu kabisa ambayo kundi lake limepata mtihanini, hata kama aliyeipata ni mwingine. Wastani nao husawazishwa vivyo hivyo. Mpangilio haubadiliki, ila pengo kati yake na wa kwanza lina uzito kuliko hiyo nafasi ya tatu. Wenzake wakifaulu, naye hunufaika. Basi asiwafiche madaftari!

Hesabu ya ATAR, ya kuingilia chuo kikuu, ni nyingine: hurekebisha alama kwa somo, kulingana na uwezo wa watahiniwa wote waliolifanya. Jina la shule halimo.